Kipanga Arudi Juu

Jumanne, tarehe 14 Machi. Manyunyu alfajiri, mawingu hadi saa nne, upepo kidogo.

Siku hiyo Kipanga aliketi kwenye benchi la zahanati ya kazini akisubiri kupimwa presha. Jina hilo alipewa na wenzake kwenye yadi ya makontena, kwa kuwa mama huyo ameendesha kreni miaka kumi na tisa. Desemba presha yake ilikuwa mia moja sitini na nane. Januari, mia moja sitini na mbili. Kanuni ilikuwa wazi: ikizidi mia moja arobaini kwa mara ya tatu, anashushwa chini, akakague karatasi getini mpaka astaafu.

Nesi alikuwa amempa vidonge, kisha ushauri. "Kila siku kaa kimya dakika ishirini, ufuate pumzi zako tu. Si ibada wala uganga, mama. Wengine huwasaidia kidogo, wengine hapana. Ila vidonge usiache."

Kipanga alijaribu. Alijifungia chumbani, akakaa kwenye kiti cha plastiki, na papo hapo geti likamjia kichwani. Akalisukuma. Likarudi na wasiwasi mwingine. Alitoka chumbani jasho likimtiririka.

Mdogo wake, aliyekuwa sebuleni, akaangua kicheko. "Dada, ulikuwa unapumzika au unapigana?"

"Napigana na kichwa changu."

"Kipige taratibu basi, ndicho kinachotulisha!"

Wiki ya tatu ya kujaribu hivyo, alikuwa akimfundisha kazi ya kreni dereva mgeni, baba wa watoto wanne. Upepo ukalibembeza kontena. Mgeni akavuta mtambo kulia, kontena likazidi. Akavuta kushoto, likayumba kama bembea.

"Acha kulifukuza!" Kipanga alifoka. "Tuliza mkono. Liache licheze, litatulia."

Kisha maneno hayo yakamrudia mwenyewe. Wiki zote hizo, kumbe, yeye mwenyewe alikuwa akifanya kosa la mwanagenzi. Jioni ile geti lilipomjia tena, aliliacha lipite, akarudi kwenye pumzi. Likaja mara arobaini. Mara arobaini akarudi. Usiku huo alilala fofofo.

Sasa nesi alimfunga mkanda mkononi, akasoma. "Mia moja hamsini na moja."

Msimamizi, aliyesimama mlangoni na fomu ya geti, akafungua kalamu.

"Bado, bosi," nesi alisema. "Tunapima tena baada ya dakika kumi. Kinachohesabiwa ni kipimo cha pili."

Kipanga akafumba macho. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio, hakuushika. Aliuacha uende, akafuata pumzi moja, na nyingine, na nyingine.

Mkanda ukajaa upepo, ukanywea.

"Mia moja thelathini na nne."

"Ni vidonge hivyo," msimamizi alinung'unika.

"Vidonge vimefanya kazi yake, na utulivu umefanya yake," nesi alijibu. "Kipi kimefanya kiasi gani, siwezi kukuapia."

"Hizo hesabu gawaneni ninyi wawili," Kipanga alisema, akishindwa kuzuia kicheko. "Mimi nipeni ufunguo wangu wa kreni!"

Alipovuka yadi, madereva wa malori walimpigia honi mpaka mlinzi akaziba masikio.

Asubuhi iliyofuata alimeza kidonge, akakaa kitini dakika ishirini, akapanda ngazi tisini na mbili bila kusimama. Kufikia saa tatu alikuwa ameshapakia makontena thelathini na moja.