Mafiga ya Mpakani

Shangazi yangu alikuwa mpishi wa maharage, na jiko lake lilikuwa juu kabisa mgongoni mwa mlima, kwenye njia ya sokoni. Ulimi wake ulikuwa mkali, visu vilikuja kwake kunolewa.

Alipokuwa bado bi harusi, wazungu wawili walipanda huko kugawana mlima, kila mmoja katumwa na mfalme wake. Mmoja mwekundu kama pilipili, mwenzake kakonda hata kivuli kilimkimbia. Hawakumuuliza mtu. Walipanga mawe mstari mmoja, huku kwako, huku kwangu, wakapeana mikono, wakashuka.

Sasa, kwetu jiwe lisilo na masizi halina mwenyewe. Kesho yake shangazi akachagua matatu mazuri, akayafanya mafiga. Majirani nao hawakulala. Kabla mwezi haujaandama, mpaka wote ulikuwa chini ya vyungu.

Wazungu walikwenda zao, ugomvi wakatuachia sisi. Nchi mbili zikawa zinavutana mlima kama watoto na shuka, hata siku moja makapteni wawili, kila mmoja na askari wake, wakaingia jikoni kuyatafuta mawe.

"Msihangaike, wanangu," shangazi akasema, anakoroga. "Niliyachukua mimi. Haya hapa."

"Mama, unajua ulichofanya?" akauliza kapteni mnene.

"Nimelisha watu. Walioyapanga walimlisha nani?"

"Basi mpaka unapita hapa. Kesho nyumba hii inavunjwa."

Shangazi akaweka mwiko chini. "Sihami. Nimezaa humu, na mume wangu nimemzika hapo nyuma. Lakini kama ni kuvunja, avunje mwenye jiko. Jiko ni la nchi gani?"

"Letu," wakajibu makapteni wote wawili kwa mkupuo.

"Haya. Nani anaanza kuvunja cha mwenzake?"

Mnene akainua mguu.

"Thubutu," akasema mwenzake mwembamba, mkono kwenye bunduki.

Mguu ukarudi ulikotoka. Wakasimama hivyo, kila mmoja analinda jiko lisiguswe na mwenzake, mpaka maharage yakaiva. Wakala, kila mtu upande wake wa chungu, wakateremka.

Shangazi alikufa mzee, ndani ya nyumba ileile. Siku hizi ninayekoroga ni mimi. Anayeutaka mpaka wake na aje auchukue. Uko chini ya chungu, na ni wa moto.