Nundu ya Baba

Daktari wa Mikumi alimweleza baba taratibu kabisa, mimi nikiwa pembeni: lehemu, yaani mafuta, imejaa kwenye damu, mishipa ya moyo inaziba. Samli basi, nyama ya mafuta basi. Ale mboga za majani, maharage, samaki, ugali wa kiasi, na atembee. Baba akaitikia "sawa" kila neno, na mimi, mjinga, nikamwamini.

Tulipofika nyumbani, upande wa Kilosa, mama alikuwa ameshakaanga mchicha kwa samli. Nikamwambia, "Mama, jamani, hii ndiyo inayomuua!" Akanijibu kwamba samli ya ng'ombe wetu wenyewe haiwezi kumdhuru mtu; wanaougua ni wanaokula mafuta ya dukani. Kubishana naye ni kumpigia mbuzi gitaa. Nikaacha nyumba yangu, nikahamia pale, nikapika mwenyewe.

Majirani nao hawakunipa nafuu. Baba alipungua kidogo tu, wakaanza: "Mzee amekonda, huyu binti anamlisha nini?" Khaa! Unahangaika kumponya baba yako, unasemwa unamtesa kwa njaa.

Kisha wakaja watu kumposa mdogo wangu, likachinjwa dume. Kwetu nundu ni ya mwenye boma, na baba zangu wadogo hawagusi nyama mpaka yeye aanze. Ikawekwa mbele yake, mafuta yanachuruzika. Nikamkonyeza, akajifanya hanioni. Nikainama kumnong'oneza, naye akajibu kwa sauti, "Nikiiacha hii, kesho ataitwa nani kuamua mambo hapa?" Akakata kipande.

Hasira zikanipanda. Niliinyakua ile sahani mbele ya wageni wote, nikasema, "Sikio la kufa halisikii dawa!"

Kumtamkia mzazi neno hilo, tena mbele za watu! Baba alinawa mikono, akaingia ndani. Nundu ikaliwa na mdogo wake.

Siku hizi anakula mchicha wa kuchemsha bila ubishi, na kipimo cha mwisho kilimfurahisha daktari. Mashauri ya ukoo yanapelekwa kwa baba mdogo. Nilisharudi kwangu, na kila nikienda napiga magoti, "Shikamoo, baba." Anageuka kutazama ng'ombe. Yuko hai, namshukuru Mungu, lakini marahaba yake sijaisikia tena.