Safari ya Mashua Kavu, Kericho hadi Kendu

Safari hii ilianzishwa na gazeti la picha. Lilimfikia bwana wangu kutoka kwao likiwa limekwisha kuzeeka njiani, na ndani yake walionekana Wazungu waliovaa nguo nyeupe, wameketi katika mashua zao wenyewe, wanacheka na jua. Bwana alilitazama siku nzima. Kesho yake aliniita ofisini, akaigonga picha kwa kidole.

"Kwetu, mwezi ya saba, jua kali," alisema. "Watu yote nakwenda bahari. Mimi pia nakwenda bahari."

Nje ya dirisha mvua ya mawe ilikuwa inatoboa majani ya chai. Lakini mtu huyu hakuwa wa kubishana naye kuhusu hali ya hewa. Wachumaji walimpa jina la Bwana Kipimo, kwa kuwa kila asubuhi na kila jioni alitoka kupima mvua iliyoanguka uani na kuiandika, kana kwamba angeulizwa siku ya kiyama. Kama kwao Julai ilikuwa kiangazi, basi Kericho nayo ilipaswa kutii.

"Wewe mtu ya magharibi," aliendelea. "Wewe jua mashua. Wewe tatengeneza."

Jamani, mimi ni mtu wa vilima vya Maragoli. Maji makubwa ya kwetu ni kijito ambamo mama yangu alichota kwa mtungi. Ziwa nililiona nilipokuwa nachunga mbuzi juu ya miamba, liko mbali, limelala, na halikunihusu. Lakini kwa Bwana Kipimo, kila aliyetoka upande linakozama jua alizaliwa na kasia mkononi. Nilifungua mdomo kumsahihisha, ndipo aliposema neno lililonifunga ulimi.

"Mashua kielea, mimi natia sahihi kipande yako. Wewe nakwenda nyumbani."

Mnajua kipande kilivyokuwa siku zile: karatasi ndani ya kikopo cha bati kinachoning'inia shingoni, na bila sahihi ya mwajiri wa kukuachilia, ukiondoka wewe ni mtoro, na askari wanakutafuta mpaka chini ya kitanda cha mama yako. Mwaka wa nne huo nilikuwa naomba sahihi. Kila nikiomba, bwana alikuwa na shehena moja zaidi ya kufungiwa masanduku. Mke wangu Rebeka nilimwacha na mimba. Mtoto alizaliwa, akatambaa, akatembea, na yote hayo niliyapata kwa barua za mwalimu wa kanisani. Kwa hiyo nilisema, "Ndiyo, bwana, mashua naijua sana." Mungu anisamehe.

Sasa niwaambie kazi yangu ya kweli. Mimi, Elisha, nilikuwa fundi mkuu wa masanduku ya chai, na katika kazi hiyo adui ni mmoja tu: unyevu. Chai ikipata unyevu imekufa. Nilijua kukausha mbao hadi zilie kama kengele ukizigonga, kuzipanga zisiache nafasi ya kupitisha unywele, na kutandika ndani karatasi ya madini inayong'aa. Nikajisemea, sanduku linazuia maji, mashua nayo inazuia maji, tofauti ni umbo tu. Nikazikausha mbao miezi miwili kando ya tanuru la kukaushia chai. Nikazipinda, nikazipigilia, nikatia mabati kwenye pembe na karatasi ya kung'aa ndani yote. Bwana alipokuja kukagua alijiona uso wake sakafuni, akafurahi, akaniita fundi wa kwanza wa Afrika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mimi nilisifiwa nikayaondoa maji yote, na hapo ndipo nilipokosea.

Jumanne, saa moja asubuhi, tuliondoka kiwandani kwenda Kendu, kwenye ziwa ambalo bwana aliliita bahari. Mashua ilikaa juu ya gari la ng'ombe kumi na sita, na mwendeshaji alikuwa arap Chumo, Mkipsigis mrefu, mpole kwa ng'ombe wake na mkali kwa watu. Wanaume wanane walifuata kusukuma. Bwana angekuja na motokaa siku ya Ijumaa, na wageni wake Jumamosi. Aliniachia amri moja: tone la maji lisiiguse mashua njiani. Tukaifunika kwa turubai la kiwanda, na chini ya turubai nikaweka majiko mawili ya makaa ili mbao zisivute ukungu.

"Fundi," arap Chumo aliniuliza, "hii kitu inaenda wapi?"

"Majini."

Alitazama majiko, akanitazama mimi, akawapigia ng'ombe mluzi.

Sigowet tulifika mchana, na mvua ikatufikia kabla hatujafungua ng'ombe. Tulilowa hadi chupi. Mashua peke yake ilikaa kavu, inafuka moshi kidogo chini ya turubai. Dada yake arap Chumo alikuwa ameolewa pale, akatukaribisha kwa kibuyu cha mursik, yale maziwa yao yaliyolala na kupakwa mkaa, na mimi niliyeogopa rangi yake ya kijivu nilimaliza vikombe vitatu. Mama yule alikuwa anaangalia gari letu kwa huruma.

"Mgonjwa yenu anaendelea aje?" aliuliza.

"Mgonjwa gani, mama?"

"Si huyo mmefunika na kumwashia moto."

Arap Chumo alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nilinuna. Nilimweleza mama yule kwamba hicho ni chombo cha bwana cha kusafiria baharini, na akasema pole.

Kiptere, Jumatano saa nne. Ilikuwa siku ya soko, na watu walituzunguka, wakainua turubai bila kuomba ruhusa. Wazee watatu waliizunguka mashua mara mbili, wakaigonga kwa fimbo, wakaafikiana kwamba hawajawahi kuona hori zuri hivi la kunyweshea ng'ombe.

"Tunataka kama hii," alisema mmoja wao. "Lakini kwanza tuweke maji kidogo, tuone kama inashika."

Mtungi ulikuwa tayari, mwanamke mmoja ameshauinua. Nilirukia gurudumu, nikapanua mikono kama kuku anayekinga vifaranga. "Hakuna maji! Amri ya bwana! Hata tone!"

"Hori isiyotaka maji?" mzee aliuliza kwa upole. "Sasa itafanya kazi gani?"

Niliwajibu kwa jeuri ambayo hadi leo inanitia haya. Niliwaambia wao ni watu wa mifugo, mambo ya mashua wayaache kwa mafundi. Laiti ningemwacha mama yule amwage mtungi wake, ningejua palepale Kiptere, mbali na bwana yeyote, kitu nilichokuja kukijua mbele ya watu wote.

Alhamisi tuliteremka Sondu, na joto likaanza kutupokea. Daraja la mbao halikutosha kubeba gari pamoja na mzigo, kwa hiyo tuliishusha mashua ukingoni. Mto ulikuwa umejaa hadi kifuani, maji yanapita taratibu. Nikapanga wanaume, wanane wetu na wanane wa kukodi, tukaibeba mashua mabegani juu ya maji, tukavuka nayo, mimi nikipiga kelele, "Inua! Inua isiguse!" Arap Chumo alikuwa amevusha ng'ombe na gari tupu, amesimama ng'ambo akitungoja.

"Fundi," alisema nilipotoka majini, "mimi si mtu ya maji. Lakini kuelea si ndiyo kazi yake?"

Nilimwambia amri ni amri.

Ijumaa adhuhuri, Kendu. Ziwa lililokuwa mbali siku zote sasa lilikuwa miguuni mwangu, linapumua. Gatini alikuwapo mwanamke wa Kijaluo aliyeitwa Mama Atieno, mfanyabiashara wa vyungu, amekaa kando ya mzigo wake akingoja chombo cha kumvusha ghuba aende Kisumu. Alikuja kuitazama mashua. Hakuisifu. Alikwangua karatasi ya kung'aa kwa ukucha, akapitisha kidole kwenye mbao.

"Hii umeilowesha siku ngapi?"

"Haijaguswa na maji hata mara moja," nilisema kwa fahari.

"Woi!" Alishika kichwa. "Hata chungu kipya unaloweka kabla ya kupika, sembuse mashua? Mbao kavu inajikunja, inaacha nyufa. Karatasi yako imezificha tu. Izamishe hapa kando, uwekee mawe, siku tatu. Mbao ivimbe, ijifunge. Halafu utaenda nayo hata Uganda."

Nilijua mara moja kwamba anasema kweli, kwa sababu mbao zile nilizikausha mwenyewe. Bwana alipofika na motokaa yake nilimkimbilia, nikamwambia yote. Alinisikiliza huku uso ukimwiva.

"Wewe nataka mimi nazamisha mashua yangu?"

"Siku tatu tu, bwana."

"Wageni nakuja kesho. Mashua ni kwa kuzuia maji, hapana kwa kunywa."

Jumamosi, saa nne asubuhi. Wageni sita walikaa kwenye viti chini ya miavuli, na mawingu yalikuwa yamefunga kama ya Kericho. Bwana Kipimo alivaa suruali nyeupe, koti la vifungo vya dhahabu na kofia ya nahodha. Alisema maneno kwa lugha yao, wakapiga makofi. Tukaisukuma mashua, bwana amesimama mbele ameelekeza kidole upeo wa ziwa, mimi nyuma na kasia ambalo sikujua lishikwe upande gani.

Kwa muda mfupi ilielea. Nawaambia kweli, nilimwona mwanangu. Nilimwona anakimbia njiani kunipokea, na nikaanza kulia nikiwa na kasia mkononi.

Kisha karatasi ya kung'aa ikaanza kututumka sakafuni, hapa na pale, kama uji unaotaka kuchemka. Ikapasuka. Maji yakaja kutoka kila upande bila kelele. Bwana hakushusha kidole. Tulizama wima, polepole, hatua ishirini kutoka gatini, yeye akiendelea kuelekeza kule alikokusudia kwenda, mpaka miguu yetu ikakanyaga matope na maji yakamfika kwenye vifungo. Mgeni mmoja alipiga makofi tena, akidhani ndivyo inavyofanywa.

Nilitoka majini nikiwa nimekufa moyo. Miaka minne, na sasa mingine mingapi? Bwana alikuja nyuma yangu anachuruzika, kofia imeshuka masikioni, wageni wake wanajikaza wasicheke.

"Wewe mwongo! Wewe hapana mtu ya maji! Toka! Mimi hapana taka kuona wewe tena!" Alinyoosha mkono. "Lete kipande!"

Nilikifungua kikopo kwa vidole vya baridi. Aliazima kalamu kwa mgeni, akaandika kwa hasira, akatia sahihi, akanitupia. Kuhusu mashua alisema tuifanye kuni. Kabla ya saa sita motokaa zote zilikuwa zimepanda mlima kurudi kwenye mvua.

Arap Chumo aliniaga akiwa anafunga ng'ombe. "Umepata?" aliuliza. Nilimwonyesha sahihi. Alinipa mkono wa nguvu, akasema atawaambia wazee wa Kiptere kwamba hori imeshika maji vizuri.

Mama Atieno hakuwa na haraka ya kuni. Mashua ilikuwa imezama yenyewe, kazi imekwisha. Tuliongeza mawe, tukangoja. Jumanne asubuhi tuliitoa na wanaume wa gatini, tukamwaga maji, tukabandua karatasi yangu ya kung'aa vipande vipande. Mbao zilikuwa zimevimba zikashikana kama meno. Akapakia vyungu vyake, akashika kasia moja na binamu yake jingine, akaniamuru nikae katikati, nisiguse kitu.

Niliogopa njia nzima, nisidanganye. Lakini niliyojifunza katika safari hii nawaandikia wazi. Fundi akiijua kazi moja sana huona kazi zote za dunia ni hiyohiyo, nami niliwadharau wenye soko na mitungi kwa sababu hiyo. Na mkitaka bwana awaachilie, msimpe kazi nzuri. Ile mashua ingeelea Jumamosi, leo ningekuwa Kericho najenga ya pili, kubwa zaidi.

Katikati ya ghuba, vilima vya kwetu vilipoanza kuonekana, nilitoa kipande nikasoma. Kando ya tarehe, mahali pasipotakiwa maneno, bwana alikuwa ameandika kwa wino ulioanza kusambaa: *Ameachiliwa. Hawezi kutengeneza mashua.* Nilisoma mara mbili, polepole, miguu yangu ikiwa mikavu kabisa.