Kidonge cha Senge

Wacha niseme ukweli: zile mbio nilikuwa nimezishinda kabla hazijaanza. Ndivyo nilivyojisikia. Zilikuwa za kuchagua timu ya taifa ya vijana, mita elfu tano, katika uwanja wa Kanduyi, Bungoma, na kwa umri wangu hiyo ilikuwa nafasi ya mwisho.

Asubuhi hiyo niliamka Kitale na mafua, baridi imenikaa kifuani. Kemisti akanipa vidonge kwenye bahasha ndogo ya kaki, bila kuniambia jina la dawa, nami sikuuliza. Nani huuliza? Nikameza kimoja. Kufika Kiminini pua imefunguka, nimechangamka, natamani tukimbie hapo hapo barabarani.

Bungoma nikapitia kwa senge, dada ya baba. Aliponisikia nakohoa, aliingia chumbani akatoka na kidonge chake na kikombe cha maji.

"Meza, mwanangu. Hii hata pasta wetu imemsaidia."

Kwetu senge hakataliwi. Senge ni baba mwenyewe, ila amefunga leso. Tena alisimama pale pale, anaangalia kama kidonge kimeshuka kooni. Ningemwambia nimeshakunywa ya kemisti, angeona nimedharau mkono wake. Nikameza.

Sasa jua la Bungoma si la Kitale. Bunduki ilipolia nilitoka kama mbuzi aliyekata kamba. Kocha akapiga kelele, "Polepole, wewe!" Polepole gani, bana? Sikusikia uchovu hata kidogo. Niliwaacha wote, nikajiona niko ndani ya ndege. Halafu moyo ukaanza kunigonga vibaya, mdomo ukakauka. Wenzangu wakanipita mmoja mmoja. Mizunguko miwili ikiwa imebaki, nikaanguka.

Senge alivuka uwanja mbio, viatu mkononi, analia. Kwenye hema muuguzi aliuliza nimekunywa nini. Nikampa bahasha, senge akatoa pakiti yake mkobani. Muuguzi akampigia kemisti simu, akaangalia ile pakiti, akatikisa kichwa.

"Dawa ni moja. Ukazidisha, kisha ukakimbia kwa joto hili? Shukuru Mungu moyo haukusimama."

Senge akanigeukia. "Mbona hukuniambia ulikuwa umekunywa?"

Ningemjibu nini? Kwamba ni kwa sababu nampenda?

Timu ilienda bila mimi. Mwaka uliofuata umri ulikuwa umenipita, na inaniuma mpaka leo. Woiye, ningejua! Lakini hilo nimezoea kuishi nalo.

Nisilolizoea ni hili la senge. Kila nikimtembelea ananimiminia chai, kisha anabaki ameshika kikombe, hanipi.

"Umekunywa nini leo, mwanangu?"

"Ni chai tu, senge," namwambia. "Ni chai."