Siku Khatibu Alipozamia Unguja

Ukifika Kasulu mjini ukaulizia duka la vipuri vya pikipiki la Khatibu Niyubahwe, utaonyeshwa bila taabu, na kabla hujanunua hata balbu utasimuliwa jinsi alivyozamia baharini. Hakwepeki. Mtu aliyekatikiwa na cheni husimama pale juani, cheni mkononi, grisi ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko, akielezwa rangi za samaki. Ndani, nyuma ya meza ya kuuzia, mkewe Firdausi hupanga plagi kwenye rafu, na kila mumewe anapofika pale pa "nikajitosa", hujisemea moyoni: mwongo mkubwa wewe, hukujitosa, ulishikwa mkono kama mtoto anayevushwa barabara.

Tusimwonee, maji aliyajua. Ila yalikuwa maji ya kisimani. Alizaliwa Murungu, upande wa Kibondo, na ujanani kazi yake ilikuwa kushuka visimani kuopoa ndoo na madumu yaliyokatika kamba. Alifungwa kamba kiunoni, akavuta pumzi, akazama, akapapasa matopeni, akaibuka na ndoo ya watu. Wanawake walimpigia vigelegele, na hapo ndipo alipoharibika. Tangu siku hizo hajakutana na jambo ambalo hakulijua kabla ya kufundishwa.

Ulimi wake ndio uliomgharimu Firdausi kaka. Baba yao Firdausi alikuwa mtu wa Unguja aliyekuja Kasulu kuuza vitambaa akaoa huku huku, na mwanawe mkubwa, Nurudini, alirudi pwani kwa wazee wa baba yake akawa muuza samaki sokoni. Mama yao alipofariki, Nurudini alisafiri siku tatu kuja kuzika. Siku ya pili ya matanga, mbele ya waombolezaji wote, Khatibu akasema huyu bwana wa pwani hakufuata maiti, alifuata nyumba. Nurudini alichukua mfuko wake akaondoka hata chai hajanywa. Kwa miaka kumi na tisa akawa anapokea simu za dadake na kumwambia neno lile lile: siku utakayokuja, uje na mumeo, na aniombe radhi kwa mdomo wake. Khatibu akiletewa habari hizo husema sawa, siku nikienda Unguja. Aliona Unguja ni mbali kiasi cha kutosha.

Basi Unguja ikasogea. Mtoto wao Abdalah alipata kazi ya kuoka mikate kwenye meli ya kitalii, zile kubwa kama mtaa mzima, na wafanyakazi wake huruhusiwa kuwaalika wazazi kwa nauli ndogo. Wakapandia Mombasa. Kituo cha kwanza kilikuwa Unguja: meli ingefunga gati asubuhi, na abiria wote wawe wamerudi saa tisa na nusu alasiri. Firdausi alimpigia kaka yake, na kaka, ambaye tangu mwaka juzi alikuwa amepooza mkono wa kulia kwa kiharusi, akasema atawangoja kwa chakula cha mchana. Nyumba yake haikuzidi mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka bandarini. Firdausi hakulala usiku ule kwa furaha.

Khatibu naye hakulala, ila kwa mengine. Alikuwa ameona wageni wakijiandikisha mezani kwenda kuzamia na mitungi ya hewa mgongoni, akaingiwa na hamu. Kwanza aliwacheka: watu wazima wanabeba pumzi kwenye chupa kama wagonjwa. Kisha akaenda kujiandikisha. Wakamwomba cheti cha kuzamia. Akawaambia cheti chake ni visima vya Murungu. Yule binti wa mezani alitabasamu akamwita anayefuata, na Khatibu akarudi chumbani amevimba, akisema atazamia bila wao, kwani bahari si ya meli.

Abdalah alimsihi sana. Alimweleza kwamba wanaotoka na msafara wa meli, wakichelewa, meli huwangoja. Anayejitafutia mzamishaji wake mwenyewe huko pwani, akichelewa atabaki akiipungia mkono. Khatibu akamwambia aende akaangalie mikate yake isiungue. Kwa mkewe aliapa kwamba kufikia adhuhuri atakuwa ameoga na yuko mlangoni kwa shemeji yake. Firdausi alimtazama akajua. Mtu huyu hakuwa na hamu ya samaki. Alikuwa anatafuta mahali pa kujificha, na kwa kuwa meli haina uvungu wa kutosha, alichagua bahari.

Wakashuka. Ufukweni Khatibu akaulizia, akaelekezwa kwa mzee mmoja mwenye boti na mitungi, asiyedai cheti mradi mtu akubali kufundishwa kwanza kwenye maji ya kiunoni na asizidi mita sita. Mzee akauliza wageni wametoka wapi. Wakasema Kasulu. Mzee akatua mtungi aliokuwa ameubeba. Alikuwa Dadi Nkunzimana, Muha wa Mabamba kabisa, aliyekuja pwani akiwa kijana akaota mizizi huko.

Hapo Firdausi aliona asubuhi yake ikimwagika. Anayewajua Waha anajua kwamba salamu kwetu si jambo la kupita nalo. Khatibu, ambaye ni mdogo kwa umri, aliinama akapiga makofi polepole, akaitikiwa, wakashikana mikono hadi kwenye viwiko, wakaulizana ng'ombe, mvua, maharage, na ukoo hadi kwa mababu. Ikagundulika kwamba Dadi aliwahi kuchunga pamoja na baba yake Khatibu. Salamu ikaanza upya, safari hii kwa heshima ya baba. Saa nzima iliisha hivyo, na Firdausi amesimama mchangani na viatu mkononi.

Mafunzo yakachukua saa nyingine, maana mwanafunzi alikuwa akimfundisha mwalimu. Mwishowe wakaenda na boti, wakazama. Yaliyotokea chini Firdausi aliyasikia kwa Dadi, si kwa mumewe. Walipofika kina cha mita sita, Dadi akamwonyesha ile alama ya vidole vya kumuuliza kama yuko salama. Kujibu ni kurudisha alama ile ile kwa mkono mmoja, basi. Lakini Khatibu ataulizwaje hali na mtu aliyechunga na baba yake, amjibu kwa mkono mmoja kama anafukuza nzi? Alipiga goti kwenye mchanga wa bahari, akainamisha kichwa, akapiga makofi, na ili adabu ikamilike akafungua kinywa kumwamkia mzee kwa Kiha, "Mwidiwe, mutama." Kipumulio kikamtoka, na bahari ikaingia.

Dadi aliona mtu anapiga makofi, amepiga goti, anameza maji. Katika kazi yake hiyo ni hatari, hakuna tafsiri nyingine. Akamshika, akamrudishia kipumulio, akampandisha taratibu. Khatibu alifikishwa ufukweni akikohoa na kutapika, akapelekwa zahanati, na daktari akaagiza alale pale saa mbili aangaliwe kifua. Hakuwa na kitu kikubwa. Alikuwa na nguvu za kutosha za kumsimulia muuguzi kuhusu visima.

Saa saba mchana Firdausi alimwacha kitandani akaenda peke yake.

Nurudini alikuwa amekaa kibarazani, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, mkono mbovu umelazwa pajani. Alimpokea dadake wakalia wote wawili. Ndani mkeka ulikuwa umetandikwa, sahani tatu, wali, samaki wa kupaka aliyemchagua mwenyewe sokoni alfajiri. Kisha akatazama njiani nyuma yake na kuuliza mumeo yuko wapi. Firdausi alitamani ardhi impokee. Alisema alikwenda kutazama samaki baharini, akapaliwa na maji. Nurudini, aliyeuza samaki maisha yake yote, aligeuka akamtazama yule samaki mkekani. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alimwita binti yake akamwambia aondoe sahani moja.

Meli hawakuikosa. Khatibu alipanda ngazi yake saa tisa na dakika ishirini akijisifu kwamba muda anaujua.

Sasa ni miezi minane, na hadithi imenona. Mita sita zimekuwa thelathini. Lile goti halifichi, amelifanya kichekesho cha kumalizia: hupiga goti pale pale kibarazani, hupiga makofi, hutumbua macho kama anameza maji, na wateja hushika mbavu. Ijumaa iliyopita alikuwa analifanya mbele ya watu watano, mmoja wao Floribert, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu anayeuza vitenge. Firdausi alikuwa ametoka kuwaletea kahawa. Floribert, kwa adabu zake, akamgeukia.

"Na weye mama, kule uliona nini?"

Firdausi aliweka birika chini.

"Nilimwona huyu," akasema. "Nimekaa naye miaka ishirini na sita sijajua kama goti lake linakunjika. Kumbe linakunjika. Limekunjika chini ya bahari, kwa mtu aliyemjua asubuhi ile. Kaka yangu alikuwa nchi kavu, dakika ishirini kwa miguu, amempikia."

Khatibu, ambaye bado alikuwa amepiga goti, alisema hayo mambo ya kifamilia yatazungumzwa nyumbani. Firdausi alitoa simu, akabonyeza namba, akamkabidhi. Ilikuwa inaita na kila mtu aliisikia. Ikapokelewa. Sauti nzito ya mtu ambaye ulimi wake haujapona vizuri ikaita, Firdausi, ni wewe dada?

Khatibu aliikodolea macho ile simu. Kinywa kile, ambacho hakijawahi kukosa neno tangu Murungu, kilifunguka kikafumba. Kisha akasimama, akafuta vumbi magotini, akasema mtandao leo ni mbaya, na akamrudishia mkewe simu bila kuikata. Mtandao mbaya, Kasulu mjini, saa kumi za jioni, na mnara uko mtaa wa nyuma. Akaingia dukani kutafuta cheni ambayo hakuna mteja aliyeiulizia.

Firdausi aliweka simu sikioni.

"Ndiyo, kaka, ni mimi," akasema. "Niko peke yangu."