Jinsi Nilivyokosa Mtihani wa Jazi Kitale

Wiki jana nilikuwa Kitale kutafuta mbolea, nikapitia mtaa uliokuwa na shule ya muziki. Sasa pale ni duka la mbegu. Kijana wa duka akaniuliza, "Mzee, mbona unatazama ukuta hivyo?" Nikamwambia natazama tu, nikaondoka nikijiuliza alitaka kujua ya nini. Usinicheke, rafiki yangu. Mimi simwamini mtu upesi, na ugonjwa huo niliupata nikiwa na miaka kumi na miwili, kwetu Bungoma, kando ya njia ya kwenda Chwele.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Baba alikuwa mpishi wa mzungu mmoja nje ya Kitale, nami nikalelewa na mama yake baba, kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. Likizo nilikwenda kwa baba, nikikaa jikoni kumenya viazi huku gramafoni ya mzungu ikilia sebuleni. Santuri zilikuwa za jazi. Ule mdundo unaochelewa makusudi, halafu unashtuka umekupita, ulinishika mpaka nikajikata kidole.

Ndipo baba akapata habari za mwalimu wa muziki, mtu aliyepiga tarumbeta jeshini wakati wa vita. Alikuwa akitafuta wavulana wa bendi ya jazi. Ukifaulu unapewa kitanda, chakula na mafunzo. Mtihani wenyewe ulikuwa mmoja: anaweka santuri, wewe unapiga ngoma, kisha anaitupia gramafoni blanketi zito. Unaendelea kupiga bila kuisikia. Akiliondoa blanketi, akukute bado uko sawa na santuri.

Baba akaandika barua: niende Jumamosi fulani ya Agosti. Mwalimu wa shule yetu aliisoma uani, kukhu akisikiliza huku akipepeta wimbi. Wa kwanza kusema alikuwa jirani yetu, mama mwenye maneno mengi kuliko mahindi shambani. "Ati kitanda bure, chakula bure, kazi ni kupiga ngoma tu? Hao ni mumiani, bana! Wanawanenepesha kwanza, ndiyo wanyonye damu." Kukhu akaongeza kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Usiku ule nilimshuku mwalimu wa Kitale, nikamshuku hata huyu wa kwetu, pengine alikuwa ameongeza maneno kwenye barua.

Lakini nilitaka kwenda. Wewe, nilitaka! Nikaanza mazoezi kwa debe. Kukhu akalichukua, ati la maji. Nikapiga sufuria, akaichukua, ati nitaitoboa. Nikapiga mlango, akaniuliza mlango umenikosea nini. Nikakaa chini nikalia kama mtoto mchanga. Baada ya siku chache, Jumatatu jioni, akaingia ndani akatoka na chinyimba, kengele mbili za chuma za binamu yangu, zilizokuwa zikining'inia juu ya moshi.

Sasa elewa. Kwetu, anayepiga chinyimba ni kijana anayetaka kutahiriwa, akizunguka kualika jamaa. Ukishazipiga umejitangaza. Ukirudi nyuma, utaitwa mwoga mpaka kaburini. Na mwaka ule ulikuwa mwaka wa tohara.

"Kukhu, si watu watadhani nataka kisu?"

"Nani atakusikia mtoni? Na si hiyo ngoma yako ni ya kizungu? Watu wana masikio."

Nikamwamini. Nikashuka hadi mto Kuywa nikapiga, na nilipiga vizuri siku ile, hata leo najisifu. Nilifumba macho nikijifanya blanketi limeshatupwa. Nilipofumbua, jirani yetu alikuwa amesimama majini, ilhali siku zote yeye huteka maji asubuhi. Mtungi aliobeba ulikuwa wa kukhu. Akanitazama, akapiga kigelegele. Ng'ambo ya mto wengine wakakipokea. Nilikimbia nyumbani nikilia, "Ni jazi! Ni jazi!" Nani alijua jazi ni nini? Baba mdogo alikuwa ameshanipa mkono kama mwanamume.

Baba alifika kutoka Kitale Jumatano, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaniita kando.

"Ulizipiga mwenyewe?"

"Nilizipiga, baba."

Hakuna baba wa kwetu ambaye angemwambia mwanawe arudi nyuma. Alhamisi wageni wakajaa uani, wakala na kunywa, na alfajiri ya Ijumaa nikasimama wima bila kupepesa jicho. Jumamosi ya mtihani ilinikuta nimelala katika kibanda cha waliotahiriwa, nikipigapiga ukuta wa udongo kwa vidole. Hatukutoka humo hadi Desemba. Kufikia wakati huo mwalimu wa muziki alikuwa amehama, na shule imefungwa.

Kibandani humo nilikuwa na nafasi ya kufikiri. Busaa, pombe yetu ya nafaka, haipikwi kwa siku tatu. Unga huvundikwa, hukaangwa, huchanganywa na kimea cha wimbi, kisha hungojewa tena. Wiki nzima inapita, hata zaidi. Kigelegele kilipigwa Jumatatu, na Alhamisi watu wakanywa busaa iliyoiva, mitungi mitatu mikubwa. Kukhu aliianza kabla hajanipa zile kengele. Moyo uliniuma kuliko kidonda.

Nilimwuliza nikiwa mtu mzima, karani tayari, tukila viazi vitamu na maziwa lala jikoni kwake.

"Kukhu, ulinitega?"

Hakukana. "Baba yako alisema anaenda Kitale kwa mwezi mmoja," akasema. "Wewe ulikuwa unatambaa." Akaendelea kumenya kiazi.

Nilikasirika na sikuficha. Niliondoka bila kumaliza chakula. Leo shule ile haipo, busaa ya mitungi haipikwi tena kwetu, na mto umepungua mpaka ndama anavuka bila kulowa magoti. Mara nyingine usiku nasikia jazi redioni, nazima. Bado nina uchungu, nakwambia kweli. Lakini kukhu alipokata roho, mkono wake ulikuwa mkononi mwangu. Baba alifika kutoka Kitale siku ya pili baada ya mazishi.