Damu Yenye Hasira

Saratani ya damu ilirudi alizeti ikiwa imeanza kuinamisha vichwa, mwaka mmoja tu baada ya mimi kupandikizwa uboho wa mdogo wangu wa kiume. Kijiji kizima cha Kinyangiri kilikuwa kimeshakula pilau ya shukrani. Mimi mwenyewe nilicheza siku ile, na miguu yangu dhaifu hivyo hivyo. Sasa naona haya hata kutoka uani.

Daktari wa hospitali kubwa hakunizungusha. Alisema chembe nilizopewa zilipaswa kuishambulia saratani, lakini zimeizoea, kama mbwa aliyemzoea mwizi. Iliyobaki ni dawa kali, kisha mdogo wangu atoe tena chembe nyeupe za damu, mpya, zije kupigana.

"Zikikubali kupigana," alisema, wala hakuahidi kitu.

Nikarudi nyumbani siku chache kusubiri kitanda. Mama hakutaka habari za mbwa. Kwake kosa lilijulikana: mimi na mdogo wangu tulinuniana miaka miwili kwa ajili ya shamba aliloacha baba, na mara ya kwanza alitoa uboho bila kutema kinyongo kwa maji, kama ilivyo desturi. Nyumbani kwetu humpi ndugu kitu cha uhai huku umemfungia moyo.

Jumapili, mama alipotoka kanisani, akamwita mdogo wangu.

"Shikamoo dada," alisema bila kunitazama. Alikuwa amekonda. Nilijua anaona damu yake ndiyo iliyoshindwa.

Mama akampa kikombe cha maji. "Sema kilichomo, baba. Usimfiche dada yako."

"Shamba lile lilikuwa langu," alisema. "Baba alinionyesha mipaka mwenyewe. Ulijua, dada, ukanyamaza."

Kweli nilijua.

Akajaza maji mdomoni, akayapuliza miguuni pangu. "Kama kulikuwa na hasira, imetoka. Sina neno na wewe tena."

Mama akapiga vigelegele. Mdogo wangu akanishika mikono, akalia, uso wake ukalainika kama alivyokuwa mtoto. Najua damu haisikii maneno, shule nimekwenda. Lakini nimekata tamaa kiasi kwamba kila kitu kinanitisha. Nilimtazama amani ikimjaa, nikatamani jambo moja tu: angebaki na hasira yake, angalau mpaka wamtoe hiyo damu ya kupigana.